Muhuri Ulioishia Darajani

Wasiokula nguruwe wanivumilie. Hadithi hii ni ya salami, na salami ya Ildo Pegoraro ilikuwa nguruwe mtupu, na pilipili manga, kitunguu saumu na divai kidogo. Siwezi kuigeuza ikawa ya mbuzi kwa kumwonea mtu haya.

Vila Cansiglio ni kijiji cha wajukuu wa Waitalia, kwenye vilima vya Rio Grande do Sul, kusini kabisa mwa Brazili. Chini ya nyumba ya Ildo palikuwa na chumba cha mawe alichokichimba babu yake. Humo salami zilining'inizwa kwenye fito za mbao kwa majuma, giza na ubaridi vikizifanyia kazi, mpaka zikaota ukungu mweupe juu ya ngozi. Hakuna aliyeupanda ukungu huo. Ulikaa kwenye mawe na kwenye mbao, na kila salami mpya ilipoingia uliivaa. Kazi yote Ildo alifundishwa na mama yake, Nona Pierina, yaani Bibi Pierina, ambaye sasa alikuwa kikongwe na chumba chake cha kulala kilikuwa moja kwa moja juu ya hicho cha mawe. Ukitaka kumuudhi Ildo, mwambie salami yake ni nzuri. Atakusahihisha hapo hapo: ni ya mama.

Wakati huo Vila ilikuwa kata tu. Meya, benki, hospitali na soko la Jumamosi vyote vilikuwa Barão do Cedro, ng'ambo ya mto, na watu wa Vila walikuwa wamechoka. Kodi zao zilivuka daraja kwenda, lakini lami haikuvuka kurudi. Mvua ikinyesha, gari la wagonjwa lilikwama kwenye tope mpaka livutwe na maksai, na mgonjwa akawa ndiye wa kuwapa pole waliokuja kumwokoa. Kwa hiyo sheria iliporuhusu kata kujitenga na kuwa manispaa kwa kura ya maoni, Vila iliwaka moto, na aliyeshika kiberiti alikuwa Ildo.

Walimfanya mwenyekiti wa kamati ya kujitenga. Wakaanza kumwita Presidente, kwanza kwa utani, baadaye bila utani, naye hakuwakataza.

Sasa, katika lugha yao, "ndiyo" ni *sim*. Na kila lebo ya salami ya Ildo ilikuwa na muhuri wa duara wenye herufi hizo hizo tatu, S.I.M., kifupi cha huduma ya ukaguzi ya manispaa, maana yake daktari wa mifugo amemwona nguruwe huyo akiwa hai na amemwona tena akiwa nyama, na ameridhika. Siku moja kwenye mkutano Ildo aliinua salami juu ya vichwa vya watu.

"Jamani, tazameni hapa! Mnangoja nini ninyi? Salami yangu imeshapiga kura!"

Watu walicheka mpaka padri akashika mbavu. Kuanzia siku hiyo lebo za salami zilibandikwa kwenye nguzo za umeme, kwenye mlango wa baa, kwenye gari la padri, na mtu mmoja ambaye hakutajwa aliibandika hata kwenye kipaji cha uso cha fahali wa Valmor Zanchet.

Rosângela Kuhn hakucheka. Ndiye aliyekuwa daktari wa mifugo wa manispaa, na kila Jumanne alivuka daraja kutoka Barão do Cedro kuja kukagua nguruwe wa Ildo. Wakati fulani aliwahi kumkatalia nguruwe mnono kwa sababu ya vifuko vya minyoo ya tegu kwenye ulimi, vyeupe kama punje za mchele, na Ildo akanuna siku nzima, kisha akamtumia jibini ya kushukuru. Walikuwa wanaheshimiana.

"Ildo, lebo hizi ni za nyama," alimwambia wakiwa jikoni. "Si za nguzo."

"Daktari, zimepata kazi ya pili. Muhuri wako umepanda cheo, usiuonee wivu."

"Unajua ni wa nani?"

"Wa manispaa."

"Manispaa ipi?"

"Hii tuliyomo. Tukipata yetu, utakuwa wa yetu. Kunywa, daktari, chai inapoa." Akamsogezea kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani ya kwao, na mrija wake.

Rosângela akanywa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kosa lake, kama ni kosa, ni kudhani kwamba mtu akiulizwa swali zuri ataenda nalo kulala na kulifikiria.

Ndiyo ilishinda kwa kishindo. Kengele ya kanisa ilipigwa, fataki zikarushwa mpaka mbwa wakahamia msituni, na Ildo akabebwa mabegani kuzunguka uwanja, mikono juu, akilia waziwazi. Alifungua chumba cha mawe na kugawa salami bure kwa kila aliyepita. Delfina, mkewe, alisimama mlangoni akiwaambia watu waache angalau za wateja wa Jumamosi. Hakuna aliyemsikia.

Manispaa mpya iliapishwa mwaka mpya ulipoingia. Umeya alipewa Valmor Zanchet, mwenye fahali, maana Ildo aliukataa. Alisema yeye ni mtu wa salami, siasa ameshamaliza. Wiki hiyo hiyo, Jumanne kama kawaida, gari la Rosângela liliingia uani. Ila safari hii hakuvaa buti zake nyeupe.

"Nimekuja kuchukua lebo," alisema.

"Kuzichukua kuzipeleka wapi?"

"Ofisini. Kuanzia mwaka huu uko nje ya manispaa yangu. Siwezi kukukagua, na wewe huwezi kuutumia muhuri wa Barão do Cedro."

"Nguruwe ni wale wale, daktari."

"Najua."

"Mikono ni ile ile. Kisu ni kile kile, wewe mwenyewe unakijua mpaka mpini."

"Ildo, mimi sikujitenga. Ninyi ndio mliojitenga."

Ildo akaangua kicheko, akaenda mwenyewe kuzileta, rundo kwa rundo, akampakilia garini. "Chukua, mama, chukua. Sisi tutachapisha za kwetu."

Na kweli walichapisha, maana Ildo alimkalia Valmor kooni. Wakatunga sheria ya ukaguzi ya Vila Cansiglio, wakampata daktari mmoja mstaafu wa kuja kukagua mara moja kwa wiki, wakachapisha lebo zenye jina la Vila kuuzunguka muhuri. Ilipofika Pasaka, Ildo alipakia salami za kwanza kwenye gari lake, akavaa shati la harusi, akavuka daraja kwenda kwa Lourival, mwenye duka kubwa sokoni Barão do Cedro, mteja wake tangu zama za babu zao.

Lourival aliipokea salami moja, akaibusu, akaigeuza, akasoma lebo. Uso ukamshuka.

"Kumpadre, ndugu yangu, hii siwezi kuitundika."

"Ina nini? Ina muhuri."

"Ina muhuri wa kwenu. Hapa ni Barão do Cedro. Ukaguzi wa manispaa unauza ndani ya manispaa, basi. Ndiyo yenu inaishia pale darajani."

"Lourival, usinichezee. Hatua chache kutoka hapa!"

"Ningekuwa nakuchezea ningekuwa nacheka. Mwulize daktari Rosângela. Wakinikuta nayo wananifungia duka, na nina mabinti watatu wa kuozesha."

Nyuma yake, kwenye ndoano ambako salami za Pegoraro zilikuwa zikining'inia tangu Ildo akiwa mtoto, zilining'inia salami nyekundu za kiwandani, zote urefu mmoja, kama askari kwenye gwaride. Zilitoka jimbo jingine, mbali huko. Zilikuwa na muhuri wa taifa, na muhuri wa taifa hauogopi mto wala mpaka. Ildo alizitazama muda mrefu. Baadaye alimwambia Delfina kwamba hakuumizwa na kukataliwa, aliumizwa na kuziona zile pale. Nadhani alikuwa anasema kweli.

Mtu atauliza: si auze huko huko Vila? Swali zuri, na jibu lake ndilo lililokuwa kila siku mbele ya macho ya Ildo bila yeye kuliona. Vila Cansiglio hakuna anayenunua salami. Kila nyumba inachinja nguruwe wake baridi ikianza, kila nyumba inatengeneza yake, na kila nyumba inaamini ya jirani ina chumvi mno. Kununua salami Vila ni sawa na kununua maji huku umesimama kisimani. Wateja wa Ildo wote, tangu babu, walikuwa ng'ambo. Mtu aliyepigania mpaka usiku na mchana alikuwa ameuchora kati yake na mkate wake.

Watu walijua, na walimhurumia, lakini huruma ya kijijini haikosi meno. "Presidente," walimwita kutoka kibarazani mwa baa, "hebu tujitenge na Vila pia, huenda tukapata wateja!"

Ilibaki njia ya muhuri wa jimbo, ule unaoruhusu kuuza katika manispaa zote za jimbo. Ildo aliuomba. Akaja mkaguzi wa jimbo, bwana mpole mwenye tai, akateremka kwenye chumba cha mawe. Alinusa, akatabasamu kama mtu aliyekumbuka kwa bibi yake, kisha akaanza kusema, na kila alichosema kilikuwa kibaya zaidi. Kuta zipakwe saruji na kubandikwa vigae vyeupe. Fito za mbao zitoke, ziwekwe za chuma. Dari iinuliwe. Chumba cha kubadilishia nguo kijengwe. Na ofisi ya mkaguzi, yenye choo chake.

"Choo chake peke yake?" aliuliza Delfina.

"Peke yake, bibi."

"Huku ndani sisi tuna kimoja, na tumelea watoto wanne. Huyo mkaguzi anakula nini?"

Bwana yule alicheka kwa adabu. Ildo hakucheka. Alikuwa anatazama dari. Kuinua dari ya chumba cha mawe ilikuwa kuvunja sakafu ya chumba cha Nona Pierina, na kubandika vigae ilikuwa kuuzika ukungu. Bila ukungu ule ingebaki nyama iliyokauka. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, kuliko hata njaa: kwamba salami ya mama ingekufa mikononi mwake, na mama angali hai.

Basi akafanya alichokifanya. Jumamosi moja alizipanga salami chini ya gunia la kabichi, bila lebo yoyote, akavuka daraja akiimba ili asionekane ana wasiwasi. Alifika mpaka mlango wa nyuma wa Lourival. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Ya tatu, Rosângela alikuwa amesimama mwisho wa daraja na mgambo wa soko.

"Kabichi," alisema Ildo kabla hajaulizwa.

"Ildo, kabichi hainukii divai."

Zilitolewa moja moja na kulazwa juu ya meza ya chuma nyuma ya soko. Ukungu wake mweupe, nyuzi zake, mafundo ambayo Ildo mwenyewe aliyafunga. Rosângela alivaa glavu. Aliichukua moja, akaikata, akaitazama kwa ndani, akainusa. Alikawia kidogo kuliko kazi ilivyohitaji.

"Ina ugonjwa?" aliuliza Ildo.

"Haina."

"Ungeila?"

"Ningeila sasa hivi, na mkate."

"Sasa tatizo liko wapi?"

"Sijui nguruwe huyu nani alimwona. Wewe najua ulimwona. Lakini kesho atakuja mwingine na gunia la kabichi, na yeye mimi simjui, naye ataniambia, mbona Pegoraro ulimwachia? Nitamjibu nini?"

Ildo alizisogeza salami zikae sawa mezani. Alikuwa mtu wa maneno, alikuwa ameuvunja mji vipande viwili kwa maneno matupu. Rosângela alifungua chupa ya kreolini, ile dawa ya kuoshea mabanda, nyeusi na yenye harufu ya kukata pua, akaimimina juu ya salami zote ili pasiwe na atakayeziokota jalalani. Nyeupe ikawa kahawia. Ildo alisimama mpaka mwisho. Mgambo alimpa kiti, naye hakukaa.

"Sikuandikii faini," alisema Rosângela akivua glavu. "Lakini sikiliza, na safari hii ondoka na ninachokuambia. Kiwanda cha zamani cha maziwa, kile cha barabara ya makaburini, kiko wazi. Kina vigae, kina chumba cha baridi, kina choo. Manispaa yetu inampa bure yeyote atakayeleta kazi. Ukichinja na kutengeneza hapa, nakukagua mimi, na unauza hapa kwa Lourival."

"Unataka nirudi Barão do Cedro."

"Mimi sitaki kitu. Nakuambia mlango uko wapi."

Alikataa mwezi mzima. Valmor alikuja kumwomba asihame, akiwa na kofia ya umeya mkononi. Manispaa yote ilikuwa na trekta moja na deni, na karakana ya Ildo ndiyo iliyokuwa mlipa kodi mkubwa kuliko wote.

"Presidente, ukiondoka wewe tutakusanya kodi kwa nani? Kwa kuku?"

"Ninunulie wateja, Valmor. Nitabaki."

Valmor akaivaa kofia yake, akaondoka.

Kwa hiyo mwanzilishi wa Vila Cansiglio akawa mlipa kodi wa Barão do Cedro. Meya wa ng'ambo alimfungulia kiwanda kwa utepe na bendi ya shule, akatoa hotuba ndefu kuhusu watoto wanaorudi nyumbani, na Ildo alisimama pembeni yake akiwa amevaa koti jeupe na kofia ya wavu, akipiga makofi pale ilipompasa kupiga makofi. Ilikuwa aibu, nami sitaipunguza kwa maneno matamu. Watu wa Vila walivuka kuja kutazama. Safari hii hakuna aliyemtania, na hilo lilimchoma zaidi.

Ukungu haukuja. Kwenye vigae vyeupe na fito za chuma hakuna kilichoota ila madoa ya kijani, ambayo Rosângela aliyafuta mara moja. Ilibidi wanunue ukungu wa pakiti, unga uliotoka maabara, unaonyunyiziwa kwa maji. Uliota vizuri, sawasawa, mweupe kuliko ule wa mawe. Salami za kwanza zilipokomaa, Rosângela alikata moja, akaipima, akaitia mdomoni.

"Inapita," alisema.

"Sijakuuliza kama inapita. Nakuuliza kama ni yenyewe."

"Hilo sheria hainiulizi, Ildo." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ni nzuri. Wateja watairudia."

Na wateja waliirudia. Lourival aliwashusha wale askari wekundu, akazitundika za Pegoraro kwenye ndoano yake ya zamani. Kufikia majira ya baridi, wanawake wanne wa Vila walikuwa wakivuka daraja kila asubuhi kuja kufanya kazi, na Ildo akaanza tena kulala usingizi. Hakuila salami hiyo. Alisema tumbo limemkataza.

Jumapili moja Delfina alisema si haki Nona asionje. Basi Ildo akachukua moja kutoka kiwandani, yenye lebo na muhuri, akavuka nayo daraja kwenda nyumbani. Hiyo sheria haikatazi, ni ya kula mwenyewe. Mama yake alikuwa jikoni, kwenye kiti chake karibu na jiko la kuni, macho yamefifia lakini akili imetulia kabisa. Ildo aliimenya, akaikata nyembamba, akamwekea vipande juu ya kipande cha moto cha polenta, ugali wa mahindi wa kwao.

Nona Pierina alitafuna taratibu, upande wenye meno. Ildo alibaki na kisu mkononi. Delfina aliacha kuosha vyombo.

"Nzuri," alisema kikongwe. "Umeinunua wapi?"

Delfina alifungua mdomo, Ildo akamtazama, akaufunga.

"Barão do Cedro, mama," alisema Ildo.

Nona Pierina alitikisa kichwa kwa ukarimu, kama mtu anayewasifia wageni.

"Wanajitahidi," alisema, akaisogeza sahani aongezewe.

Ildo akamkatia kipande kingine.